Diski imelipiwa na risiti ipo, kwa nini deki iombe ruhusa intaneti?

#1 Mwana Chumbageni (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke, ila mwenye diski zake ndani aje tukae.

Mzee wangu ni mtu wa muvi tangu enzi za mikanda. Miaka ya tisini alikuwa na banda la video hapa Tanga, sasa hivi miguu imechoka lakini tv kubwa anaiona vizuri. Kaka yangu anaishi Ohio, alipokuja likizo akamletea boksi la diski 14 za Blu-ray (zile zilizokuja baada ya DVD, picha safi zaidi), orijino zote, kava zipo, risiti zipo, na mimi nikaona nisiachwe nyuma nikamnunulia deki mpya ya Blu-ray. Jioni tumekaa, wajukuu chini kwenye mkeka, kahawa ipo, tunaweka diski ya kwanza, deki inazungusha inazungusha halafu inaandika kwamba diski hii hairuhusiwi kwenye ukanda huu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ikakubali ukanda ila ikaleta maandishi mengine, eti niunganishe deki na intaneti nipakue programu mpya ndiyo muvi ichezeke. Nikawasha hotspoti ya simu, bando likaliwa, dakika 40 tunaangalia mstari wa asilimia unavyotambaa, watoto wakalala.

Mzee akaniuliza swali moja tu: "Kwani kaka yako hajazilipia?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila usiku na kadiri ninavyosoma ndivyo roho inavyoniuma, kwa sababu jibu lenyewe ni kwamba kaka amelipa, amelipa bei kamili, ila alichouziwa ni ile plastiki, ruhusa ya kuifungua wamebaki nayo wenyewe na wanaweza kuibana muda wowote wakitaka.

Nianze na hizi kanda, au rijoni kama mafundi wanavyoziita. Wenye studio waliigawa dunia. Kwenye DVD sisi Afrika Mashariki tuko rijoni 5 pamoja na India na Urusi, Dubai na Oman wako rijoni 2 pamoja na Ulaya, Marekani ni 1. Ilipokuja Blu-ray mwaka 2006 wakagawa upya kwa herufi, Marekani A, sisi na Ulaya na nchi za Ghuba B, India na Urusi na China C. Sasa chukua familia ya kawaida ya huku pwani, mjomba yuko Muscat, kaka yuko Marekani, mama anapenda muvi za Kihindi, kwa DVD huyo mama na mjomba hawako ukanda mmoja, wakija kwenye Blu-ray mjomba amerudi nyumbani ila India ndiyo imehamishwa. Hakuna sababu ya kiufundi hapo, mwanga wa leza ni uleule, ni soko tu limekatwa vipande ili kila kipande kiuziwe kwa wakati wake na bei yake.

Hiyo ya rijoni angalau ni kufuli lililokaa ndani ya deki, halipigi simu kwa mtu. Kinachonitisha ni kufuli linalopiga simu, na hilo lilishajaribiwa zamani kabla hata wengi wetu hatujawa na intaneti.

Mwaka 1998 huko Marekani duka kubwa la vifaa vya umeme, Circuit City, likiwa pamoja na kampuni ya mawakili wa Hollywood, walileta kitu kinaitwa DIVX (msichanganye na ile DivX ya mafaili tuliyokuwa tunaichoma kwenye sidii, hiyo ni nyingine). Unanunua diski kama dola 4 na nusu, unaenda nayo nyumbani, ukibonyeza plei mara ya kwanza saa 48 zinaanza kuhesabu. Zikiisha diski imefungwa, ukitaka tena unalipa tena. Deki yenyewe ilitakiwa ichomekwe kwenye waya wa simu ya mezani, inapiga kwenye kompyuta ya kampuni kutoa taarifa umeangalia nini ili ukatwe hela. Kila diski ilikuwa na namba yake peke yake. Kulikuwa na njia ya kulipa zaidi diski ifunguke moja kwa moja, lakini inafunguka kwenye deki za akaunti yako tu, ukimpelekea jirani mwenye deki kama hiyohiyo anaanza kulipa upya! Yaani kitu umekimaliza kukilipia halafu huwezi kumwazima jirani.

Watu waliikataa. Juni 1999 wakatangaza wanafunga, haikufika hata mwaka tangu isambae nchi nzima. Deki zikaendelea kuhudumiwa hadi katikati ya mwaka 2001, na baada ya hapo diski za DIVX zimebaki sahani tu. Hazina mkwaruzo, deki haina ubovu, umeme upo, kilichokosekana ni simu ya upande wa pili kupokelewa. Hapo ndipo nilipo mimi wakuu: kitu ambacho lazima kiulize kwa mwenyewe kabla hakijafanya kazi, hicho umekodi, na kama nimekodi niambiwe dukani kwamba nakodi.

Karibuni.

#2 fundi_wa_barabara_ya_12

Mkuu umeongea. Mimi nafungua deki tangu 2004, hizi za DVD rijoni si tatizo kabisa, nyingi unabonyeza namba fulani kwenye rimoti inakuwa huru, za Kichina zilikuja huru kutoka kiwandani. Draivu ya kompyuta ndiyo ina masharti, unaruhusiwa kubadili rijoni mara 5 ikifika ya 5 inaganda hapohapo milele. Blu-ray ndiyo kazi, nyingi mpaka ubadilishe chipu. Na hilo la kuapdeti nalipata kila mwezi, mteja anakuja anasema deki imekufa kumbe diski ni mpya kuliko deki. Sijawahi kuelewa vizuri kwa nini muvi itake programu mpya wakati picha ni ileile.

#3 Mwana Chumbageni

Fundi nashukuru, na hapo umegusa penyewe. Nieleze nilivyoelewa, nikikosea nisahihishe.

DVD ilikuwa na kufuli linaitwa CSS, funguo chache, zikigundulika basi. Na ziligundulika mwaka 1999, kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, umri miaka 15, na wenzake wakatoa programu inaitwa DeCSS. Alisema alitaka kuangalia DVD kwenye kompyuta ya Linux (mfumo wa kompyuta usio Windows) maana hakukuwa na programu yenye leseni ya kuchezea huko. Akashtakiwa. Mahakama ya Oslo ikamwachia Januari 2003, upande wa mashtaka wakakata rufaa, Desemba mwaka huohuo akashinda tena. Mahakama ikaona mtu aliyenunua diski yake kihalali ana haki ya kuifikia hata kwa njia ambayo watengenezaji hawakuipanga. Nilivyosoma hivyo nilimsomea mzee kwa sauti.

Basi walipotengeneza Blu-ray wakasema hatutaki yatukute tena. Wakaleta AACS. Hapa kila deki au programu ya kuchezea inapewa funguo zake, na kila diski ina orodha ndani yake ambayo deki yenye funguo zinazokubalika inaweza kuifungua. Funguo za deki fulani zikivuja, diski zote zinazotengenezwa baada ya hapo zinakuja na orodha mpya ambayo imewaruka hao. Deki yako haijafanya kosa lolote, wewe hujafanya kosa, ila mtu mwingine nchi nyingine kavujisha funguo zilezile unazotumia wewe, na deki au programu yako kwa diski mpya imekuwa kiziwi mpaka upakue funguo mpya. Ilishatokea 2007, programu ya kompyuta ya WinDVD funguo zake zilitolewa nje, walioinunua wote wakatakiwa kuapdeti la sivyo diski mpya hazichezi.

Na kuna hili ambalo nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Kwenye draivu ya kompyuta, ukiweka diski mpya, ile diski inaiachia draivu orodha mpya ya programu zilizokataliwa na draivu inaihifadhi. Kwa hiyo diski ya leo inaweza kufanya programu iliyokuwa inacheza diski zako za zamani jana isikubaliwe tena na draivu hiyohiyo. Umeingiza muvi moja nyumbani imeondoka na nyingine zote.

Sasa kiwanda kikiacha kutoa hizo apdeti nani ataleta? LG wameacha kutengeneza deki za Blu-ray mwaka 2024, Samsung walishajitoa 2019. Kwenye kompyuta ndiyo kabisa, diski za 4K (Blu-ray za picha kali zaidi) zilitaka kifaa cha usalama kilichomo ndani ya prosesa za Intel kinaitwa SGX, Intel wakakiondoa kwenye prosesa za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Mtu aliyenunua kompyuta mpya na ghali zaidi ndiye hawezi kuchezesha diski zake za 4K kwa njia halali, mwenye ya zamani alikuwa bado anacheza.

#4 fundi_wa_barabara_ya_12

Sasa nimeelewa aisee. Na nyie mnakumbuka Juni 2020, deki nyingi za Blu-ray za Samsung dunia nzima zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe usiku mmoja? Hiyo haikuwa kufuli la diski, walioichunguza walisema ni faili tu la mipangilio deki zilijipakulia zenyewe kutoka seva. Ila zilibidi zirudishwe kwa mafundi wao, huwezi kurekebisha ukiwa nyumbani. Ndiyo maana mteja wangu akishaapdeti na diski zake zote zinacheza namwambia chomoa waya wa intaneti.

#5 Mtayarishaji wa Mwananyamala

Nimesoma mpaka hapa na kifua kinanibana, naomba mnisikilize na mimi.

Mimi nilitengeneza filamu, sitataja jina wala msambazaji. Niliuza pikipiki na kiwanja cha mke wangu ili nimalizie kuhariri. DVD ikaingia sokoni Ijumaa, Jumatatu nikaikuta Kariakoo imechomwa pamoja na nyingine saba kwenye sidii moja, buku mbili. Kisha wakaja watu wa flashi, unapeleka flashi yako kwenye kibanda unajaziwa muvi 20 kwa bei ya soda. Waigizaji wangu walikuwa wananipigia kuuliza mgao, mimi sina hata hela ya kurudisha pikipiki. Wakati huo ningepewa kufuli linalopiga simu mpaka mbinguni ningelinunua. Nyie mnazungumzia haki ya mnunuzi, mimi nauliza haki ya aliyeuza kiwanja.

#6 Mama Salha

Kaka pole sana, kwa kweli. Wengi tuliangalia hizo za nane kwa moja na hatukufikiri kuna mtu nyuma yake.

#7 Mwana Chumbageni

Kaka Mtayarishaji, pole kutoka moyoni na sikupingi hata neno moja kuhusu ulichofanyiwa. Ule ni wizi. Mzee wangu mwenyewe kwenye banda lake mikanda mingine sijui ilitoka wapi, na tumeshaongea naye kuhusu hilo.

Ila niambie, yule wa Kariakoo aliyeichoma filamu yako, kufuli lingemzuia? CSS ilivunjwa na mtoto wa miaka 15 na wenzake. AACS funguo yake moja ilisambaa Mei 2007 mpaka ikawa inachapwa kwenye fulana, wenye AACS walipowatumia barua za kisheria tovuti kama Digg watumiaji wakaiandika upya mara elfu hadi Digg wakaacha kuifuta. Mwizi anapoichoma anaivua kufuli mara moja, wanaonunua kwake wanapata muvi isiyouliza rijoni, isiyotaka bando, inacheza deki yoyote mpaka kwenye redio ya gari. Aliyebaki na kufuli ni yule mmoja aliyekulipa wewe kaka. Yeye ndiye anayesubiri dakika 40. Huyo ndiye mteja wako wa filamu ya pili na ndiye tunayemfundisha kwamba orijino ni usumbufu.

Linganisha na stempu za TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) zilizowekwa kwenye sidii na DVD 2013. Zilikuwa na matatizo yake najua, lakini stempu inakaa kwenye kava. Inamkabili muuzaji dukani na mkaguzi anaiona kwa macho. Nikishainunua nikifika nyumbani stempu haininyimi kitu, naangalia, namwazima shemeji, nikifa wanangu wanarithi. Ulinzi wa namna hiyo mimi nitausimamia na wewe.

#8 Wakili mtarajiwa

Naongezea upande wa sheria maana nasomea. Marekani walishalijibu hili swali la mzee mwaka 1908. Kampuni ya vitabu Bobbs-Merrill ilichapa ndani ya kitabu kwamba marufuku kukiuza chini ya dola moja, duka la Macy's likauza senti 89, wakashtakiana hadi Mahakama ya Juu, ikasema ukishauza nakala haki yako ya kuamua itauzwaje tena imeisha. Ndiyo msingi wa kuuza mtumba, kuazima, maktaba. Na 2013 kuna mwanafunzi wa Thailand, Supap Kirtsaeng, ndugu zake walikuwa wanamnunulia vitabu vya chuo kwa bei ya kwao anaviuza Marekani, akashtakiwa, Mahakama ya Juu ikampa ushindi majaji 6 kwa 3, nakala halali ni halali hata ikinunuliwa nchi nyingine. Kwa hiyo kwa sheria yao wenyewe boksi la kaka yako kuvuka bahari halina kosa.

Tatizo ni sheria nyingine ya 1998 inaitwa DMCA, inakataza kuvunja kufuli lenyewe hata kama unachofungua ni chako. Kila miaka 3 wanapokea maombi ya misamaha, walimu na wengine wamepata, lakini la mtu wa kawaida kunakili diski yake aihamishie kwenye kifaa kingine limeombwa zaidi ya mara moja likakataliwa. Uingereza waliruhusu nakala za matumizi binafsi Oktoba 2014, Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta.

#9 Bin Kisiwandui, Muscat

Wallahi hili limenikumba. Mie nilinunua diski zenye karatasi ya kodi ndani (code, zile namba za siri, si kodi ya serikali), unaiandika kwenye tovuti unapata nakala ya mtandaoni. Nilivofika nayo huku tovuti ikaniambia nchi yako haimo. Diski ya plastiki naiona ila hio nusu ya pili nlolipia sikuipata.

#10 Mwana Chumbageni

Shehe hizo kodi ni habari nzito. Kulikuwa na huduma inaitwa UltraViolet, studio nyingi zilikuwamo, ilianza 2011, ndiyo ilikuwa inatunza hizo haki za nakala za mtandaoni. Ikafungwa tarehe 31 Julai 2019. Waliokuwa wameunganisha akaunti zao kwenye maduka mengine mapema waliokoa nyingi, ambaye hakuwa na habari shauri yake.

Halafu kesi ya Disney na Redbox, kampuni ya Marekani iliyokuwa inakodisha diski. Redbox walikuwa wananunua boksi za Disney dukani kama mtu yeyote, wanatoa karatasi ya kodi wanaiuza peke yake. Disney wakashtaki kwamba kwenye boksi imeandikwa kodi haiuzwi. Februari 2018 jaji akawakatalia Disney, akasema kumlazimisha mtu aachie haki yake ya kuuza diski ndiyo apate kutumia kodi ni kutumia hakimiliki vibaya. Nilifurahi kama nimeshinda mimi. Agosti mwaka huohuo Disney wakiwa wamebadilisha maandishi ya masharti, jaji yuleyule akawapa zuio walilotaka. Miezi 6 tu, maandishi yakibadilishwa haki inahama.

#11 Mvita_boy

Mie naona mnajisumbua, sai ni striming, diski ni za wazee. Unalipia mwezi unaangalia, hio mambo ya kumiliki ya nini?

#12 Mama Salha

Mwanangu wewe una intaneti ya nyaya huko Mombasa. Mimi niko Mpwapwa, bando la mwezi ni ada ya mtoto. Diski niliyonayo naangalia hata mtandao ukikata wiki.

#13 Mwana Chumbageni

Asante mama umemjibu vizuri kuliko mimi.

Mdogo wangu Mvita, anayelipia mwezi sina ugomvi naye, amejua anakodi. Ugomvi wangu ni kitufe kilichoandikwa "nunua". Desemba 2023 wenye PlayStation waliandikiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua vitaondolewa kwenye akaunti zao tarehe 31, sababu leseni. Kelele zikapigwa mpaka wakapata mkataba mpya wakaviacha, lakini wale watu walikuwa wamebonyeza "nunua". California wametunga sheria, AB 2426, ilisainiwa Septemba 2024 na kuanza Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kidijitali asitumie neno kununua bila kukueleza wazi kwamba unapewa leseni tu, isipokuwa kama unaruhusiwa kupakua ukae nacho bila kutegemea mtandao. Huo msamaha wa mwisho uangalieni vizuri, hata watunga sheria wamekubali kwamba kununua maana yake ni kitu kinachofanya kazi mwenyewe akiwa hayupo. Natamani maneno hayohayo yachapwe mbele ya kava za diski kwa herufi za kuonekana, hii inahitaji intaneti, hii ni ya ukanda fulani, hii inaweza kuacha kucheza.

#14 Mtayarishaji wa Mwananyamala

Nimelala nikaamka na hili. Mwana Chumbageni sijakubali yote, mimi bado ninadai pikipiki. Lakini hilo la aliyebaki na kufuli ni yule aliyenilipa limenikaa kichwani. Filamu yangu nakala mama ilikuwa kwenye hard disk iliyoungua, unajua niliipata wapi tena? Kwa mteja mmoja wa Singida aliyeitunza DVD orijino yenye stempu. Ndiyo niliyonakili upya. Ingekuwa inapiga simu kwa msambazaji wangu ambaye ameshafunga ofisi, filamu yangu mwenyewe nisingeiona tena.

#15 Mwana Chumbageni

Kaka... hilo nitamsimulia mzee leo jioni.

#16 fundi_wa_barabara_ya_12

Mkuu sasa zile 14 za mzee imekuwaje?

#17 Mwana Chumbageni

Fundi, tuliweka zote moja moja. Tano hazina ukanda zinacheza, tisa ni A tupu. Kaka amepata deki ya mtumba ya huko Ohio iliyokwishaapdetiwa na amejaribu diski kama zile kwanza ikiwa imechomolewa intaneti. Imeshafungwa kwenye mzigo. Ila nyuma imeandikwa volti 120 tu, kwa hiyo nahitaji transfoma ya kushusha, deki inakula wati 20 hivi. Unayo au niagize Dar?

#18 fundi_wa_barabara_ya_12

Ninayo ya wati 100, inatosha na inabaki. Usiichomeke ukutani kabla sijaja, na hotspoti yako siku hiyo izime. Nitakuja Jumamosi baada ya Alasiri, mwambie mzee.